Kukalia Maji ya Uvuguvugu: Maji Matupu Yanatosha

Kukalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, ili kutuliza sehemu za siri na njia ya haja kubwa, ni huduma ya nyumbani ninayoiunga mkono bila kusita, kwa masharti mawili: yawe maji matupu, na uvuguvugu uwe uvuguvugu kweli. Wanaoumia kwa beseni hili mara nyingi hawaumizwi na maji. Wanaumizwa na kile kilichotiwa ndani yake, au na imani kwamba maji yakichoma zaidi ndipo yanapoponya zaidi.

Tuanze na kazi yake. Msuli wa ndani unaofunga njia ya haja kubwa hauko chini ya amri yetu. Mtu mwenye mpasuko sehemu hiyo akienda choo, maumivu huufanya msuli ukaze, ukikaza damu haifiki vizuri kwenye kidonda, na kidonda kinachokosa damu huchelewa kufunga. Joto la wastani huulegeza msuli huo. Ndiyo sababu wakati mzuri kuliko yote ni mara tu baada ya haja kubwa, si asubuhi na jioni kwa mazoea tu. Kwa mwenye bawasiri, maji hutuliza mwasho na maumivu. Kwa mama aliyechanika msamba au aliyeongezewa njia wakati wa kujifungua, huosha mshono bila kuusugua. Kivimbe kidogo cha tezi ya Bartholini, kando ya mlango wa uke, huweza kupasuka na kujitoa chenyewe baada ya siku chache za kukalia maji mara 3 au 4 kwa siku, mradi asikibinye. Kuna jingine ambalo watu huona haya kulisema: mwenye vidonda au malengelenge ya sehemu za siri, ambaye kila akikojoa anaungua, anaweza kukojoa akiwa amekaa humo humo majini. Mkojo huzimuliwa kabla haujagusa vidonda. Kisha ajisuuze kwa maji safi na kuyamwaga yale.

Sasa joto. Lengo ni nyuzi 37 hadi 40 za Selsiasi, yaani joto la mwili au zaidi kidogo. Kama una kipimajoto, kitumie. Kama huna, tumbukiza kiwiko au upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kwa sababu viganja vimezoea moto na vitakudanganya. Ukihisi joto la kupendeza, sawa. Ukishtuka hata kidogo, maji hayo hayafai, kwa kuwa ngozi ya sehemu za siri ni laini kuliko ya kiwiko, na penye mshono au kidonda ni laini zaidi.

Makosa huanzia kwenye kuchanganya. Lita 1 iliyotoka kuchemka ukiitia kwenye lita 4 za bomba zenye nyuzi 22 hivi, unapata karibu nyuzi 38. Hapo ndipo panapotakiwa. Ukiitia kwenye lita 3 unapita nyuzi 41, na tayari joto limezidi. Ukichanganya nusu kwa nusu, kama wengi wanavyokadiria kwa macho, unapata nyuzi 61 hivi, na maji ya joto hilo huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache. Bomba likiwa la baridi kali, nyuzi 10 kwa mfano, lita 2 za baridi kwa 1 ya moto zinatosha. Changanya kwenye ndoo, ukianza na ya baridi. Koroga hadi chini, pima, ndipo umimine kwenye beseni. Usimwage maji ya moto juu ya beseni ambalo umekwisha kulikalia, hata kama maji uliyoyakalia yamepoa: maji ya moto hayachanganyiki papo hapo, na yatakukuta kabla hayajakutana na yaliyomo. Yakipoa, nyanyuka, ongeza, koroga, pima upya.

Beseni lenyewe ni la aina mbili. Lipo lile pana la plastiki linalokaa juu ya choo cha kukalia, likiwa na matundu nyuma ya kupitishia maji yanayozidi. Kabla ya kulijaza, inua kifuniko na kiti cha choo, lilaze juu ya ukingo, kisha lisukume huku na huku uone kama linateleza. Kama linateleza likiwa tupu, litateleza ukiwa juu yake. La pili ni beseni la kawaida la kuwekwa sakafuni, na hilo linafaa kabisa, ila liwe pana kiasi cha kukalia bila ukingo kukubana mapaja, na liwe la kazi hiyo peke yake. Si la kufulia, si la vyombo, si la kuogeshea mtoto. Jaza kina cha sentimita 8 hadi 10 na uache nafasi, kwani ukikaa maji yatapanda.

Kaa dakika 10 hadi 15. Dakika 20 ndiyo mwisho. Zaidi ya hapo, mkao wa kuning'inia kwenye ukingo huzuia damu kurudi kutoka sehemu hiyo, na bawasiri uliyokuja kuituliza inavimba. Ngozi nayo hulowa na kuwa dhaifu. Mara 2 hadi 4 kwa siku zinatosha, na mshono mpya hauhitaji hata zote hizo.

Kunyanyuka ndipo penye hatari inayosahaulika. Joto hutanua mishipa, damu hushuka, na mtu aliyetoka kujifungua, mwenye upungufu wa damu, au mzee anayetumia dawa za shinikizo la damu anaweza kuzimia sakafuni. Weka taulo au mkeka usioteleza mbele ya miguu kabla hujakaa. Ukimaliza, nyanyuka taratibu, ukishika kitu kisichohama. Mara ya kwanza kuwe na mtu anayekusikia ukiita, na mlango usifungwe kwa komeo. Kisha jikaushe kwa kugusisha taulo safi bila kusugua, kuanzia mbele kwenda nyuma, au acha hewa ikaushe kabla ya kuvaa chupi ya pamba.

Kuhusu vya kuongeza, msimamo wangu ni mkali: usiongeze. Sabuni ya maji, povu la kuogea, siki, manukato, dawa za kuua vijidudu, mafuta ya mimea, vyote nje. Uke wenye afya wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa una uchachu wake, kipimo cha pH kati ya 3.8 na 4.5, unaotunzwa na bakteria wazuri wanaoishi humo. Ukiwaua, wanaobaki ni wale wanaoleta majimaji yenye harufu. Dawa ya kuua vijidudu kwenye mshono huunguza tishu changa zinazojaribu kuungana, halafu mgonjwa akihisi inachoma anafurahi akidhani inafanya kazi. Kuchoma huko ni jeraha.

Chumvi ndiyo ninayoweza kuivumilia, kwa anayeipenda. Vijiko 2 vya chai vya chumvi ya mezani, vilivyosawazishwa, kwa lita 1 ya maji hukaribia uchumvi wa mwili wenyewe, kwa hiyo havichomi. Lakini usitarajie vishinde maji matupu, na kutia kwa viganja hukausha ngozi na kuongeza mwasho. Tena, maji haya ni ya nje. Hayapulizwi wala kuingizwa ukeni kwa mpira, na kukalia mvuke wa maji yanayochemka si aina ya tiba hii. Mvuke huunguza, na huwezi kuupima kwa kiwiko.

Wapo wasiofaa kuanza bila kumwuliza mkunga au daktari. Mwenye kisukari au maradhi yaliyoua hisia sehemu za chini anaweza kuungua asijue, kwa hiyo kwake kipimajoto si hiari, au mtu mwingine mwenye hisia timamu ampimie maji. Mjamzito aliyepasukiwa chupa asikalie maji yoyote kabla ya kuonwa. Kwa aliyejifungua, saa 24 za kwanza baridi hutuliza uvimbe wa msamba vizuri zaidi. Uvuguvugu uje baadaye.

Beseni lioshwe kila baada ya matumizi, kwa sabuni na brashi, lisuuzwe mpaka harufu ya sabuni iishe, likaushwe. Kama kuna maambukizi, lijaze maji baridi yenye kijiko 1 cha chakula cha dawa ya klorini ya nyumbani kwa kila lita, acha dakika 10, kisha suuza mara mbili tatu. Klorini isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia choo. Hutoa gesi ya sumu.

Na maji haya hayatibu chanzo. Hayaui fangasi, hayaondoi magonjwa ya zinaa, na mpasuko utarudi kama choo bado ni kigumu, hivyo maji ya kunywa na vyakula vya nyuzinyuzi viende sambamba na beseni. Usiendelee kulikalia siku baada ya siku kama una homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, majimaji yenye harufu mbaya, mshono unaofumuka, uvimbe unaozidi kuuma, au mkojo umegoma kutoka. Mama anayelowanisha pedi nzima ndani ya saa 1 aende hospitali sasa hivi. Na damu kwenye choo inayojirudia, hata isiyouma, hata kwa mwenye bawasiri ya miaka mingi, daktari aiangalie.