Lori la Mchanga kwa Mzazi wa Siku 9

Jumamosi iliyopita nilikwenda Chanika kumpa hongera shoga yangu. Nimebeba doti ya khanga, unga wa ulezi na pilipili manga ya kusaga, nikijua nitakaa chumbani nimpakate mtoto huku tukinong'ona habari za leba. Nafika getini, yaani pale geti litakapokuja kukaa Mungu akijalia, namkuta mzazi wa siku 9 kasimama juani, khanga kiunoni, mtoto begani, anabishana na dereva wa lori la mchanga. Dereva anaapa kwamba tripu imejaa. Mzazi anasema imepungua, na mchanga wenyewe una udongo. Mtoto analia. Utingo kaegemea koleo, anatabasamu.

"Shemeji yuko wapi?" nikamuuliza.

"Kazini. Kanipigia nimpokelee mchanga. Si niko nyumbani."

Nikampokea mtoto, nikamwambia akaoge, mchanga nikaupokea mimi. Ndani nikawakuta mama wadogo wawili wanakunywa chai na kumsifia mkwe wao. Anajituma huyo! Mtoto kaja na riziki yake, ona ukuta unavyopanda! Nikanywa soda nikanyamaza, maana nilikwenda kutoa hongera, sikwenda kuvunja nyumba ya watu. Lakini njia nzima ya kurudi, ndani ya daladala, lile neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Si niko nyumbani.

Nalijua. Na mimi niliambiwa.

Mwanangu alizaliwa Februari 2019. Tulikuwa tumehamia Chamazi Desemba, mimba ina miezi 7, nyumba ni pagale: vyumba viwili vina madirisha, sebule ina turubai. Kuhama silalamikii. Kodi ilikuwa imeisha na mwenye nyumba anataka ya miezi 6 kwa mkupuo; ukimpa hiyo hela, hamna ujenzi tena mwaka huo. Halafu kiwanja ukikiacha wazi utakuta kimeuzwa mara ya pili. Ukikaa ndani, hata kwa mshumaa, angalau unajulikana upo. Kwa hiyo tulihama, na ningehama tena.

Kilichonishinda ni kilichofuata. Mtoto alipozaliwa, baba yake alipatwa na ugonjwa ambao sijui hospitali wanauitaje. Alitaka kumaliza kila kitu. Lipu ya sebule. Karo la maji ya choo na chemba zake. Fensi. Banda la kuku, ambalo hadi leo halijaona kuku. Miaka mitatu tumejenga kwa mwendo wa kinyonga, leo mtoto wa siku 4 ndiye kawa kiboko. Na masika ilikuwa inabisha hodi, kwa hiyo kila kitu kikawa "kabla ya mvua".

Sasa tuzungumze sheria kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba siku 3 za likizo, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3! Kenya baba anapata wiki 2 kwa sheria yao ya 2007, na sijasikia kama nchi imefilisika kwa sababu hiyo. Lakini hizo siku 3 zenyewe tunazitumiaje? Wangu alizitumia hivi: siku ya kwanza Buguruni kutafuta nondo, siku ya pili Mbagala Rangi Tatu kulinganisha bei za saruji, siku ya tatu kusimamia upakuaji. Siku ya nne akarudi kazini, akaniachia mafundi wanne kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo.

Mimi sheria hiyohiyo inanipa siku 84. Ukizaa mapacha, 100. Unajua nani alikuwa wa kwanza kuzipigia hesabu zangu? Fundi mkuu. Nilimsikia kwenye simu akimwambia baba mtoto, "Bosi, usiwe na wasiwasi, mama si yupo miezi mitatu? Kazi itakwenda."

Kazi itakwenda. Hapo ndipo damu inaponichemka, na naomba mnivumilie niseme yote. Mtoto wa wiki ya kwanza ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku hautoi punguzo. Kila mara anakaa nusu saa, wakati mwingine zaidi. Piga hesabu mwenyewe ni saa ngapi kwa siku "nimekaa tu". Mshono unavuta ukikaa, unavuta ukisimama. Maziwa yamejaa yamekuwa mawe. Unalia bila kujua unalilia nini. Na katikati ya hayo, sauti dirishani:

"Mama, saruji imeisha."

"Mama, tunaomba maji ya kunywa."

"Mama, lile koleo dogo umeliweka wapi?"

Koleo! Nimeliweka kwenye ndoo ya nepi, fundi, ndiko ninakohifadhi koleo.

Jioni baba mtoto anapiga simu. Mtu wa kawaida angedhani anauliza mtoto kashindaje. Anauliza tofali ngapi zimetoka leo. Fundi anasema mfuko mmoja umetoa tofali 25 za inchi 6. Yeye kuna mtu kazini kamwambia mfuko unatoa 35, kwa hiyo hapo katikati kuna tofali 10 zinazoliwa, na mimi ndiye hakimu. Nikahesabu. Nimejifungua juzi, natembea kama bata, nazunguka uwanjani naonyesha kwa kidole tofali moja moja. Nafika 112, mtoto analia. Naingia ndani, namnyonyesha, narudi, nimesahau nilikoishia. Naanza moja.

Na chakula kilikuwa juu ya bosi. Ndiyo makubaliano, na makubaliano hayo yalifanyika wanaume watupu wamesimama kando ya rundo la kokoto. Bosi mwenyewe saa 6 mchana yuko Posta. Basi nani aliyesonga ugali wa watu wanne? Wifi alinisaidia siku mbili, Mungu ambariki, akarudi chuoni. Siku ya 6 uji wangu wa pilipili manga niliunywa umepoa, una utando juu, nimesimama jikoni nachagua maharage ya watu.

Vumbi nalo. Fundi alikuwa anachekecha mchanga chini ya dirisha la chumba, kwa sababu ndipo penye kivuli. Kile chandarua kidogo cha mtoto, cha mwavuli, nilikuwa nakikung'uta asubuhi na mchana kimekuwa cheupe kama gunia la sembe. Nilipompeleka kliniki siku ya 7, nesi akamlaza, akafunua kifua, akatazama saa yake akihesabu pumzi. Akaniambia kichanga anapumua mara 40 hadi 60 kwa dakika, mtu mzima 12 hadi 20. "Kwa hiyo hewa mbaya inayokuumiza wewe kidogo, yeye anaivuta mara nyingi. Nyumbani mnapikia kuni?"

"Hapana, gesi."

Saruji sikuitaja. Niliona aibu, kana kwamba ni mimi niliyeagiza.

Mbu nitawataja kwa kifupi tu. Mwaka ule ndio ule wa dengue Dar, na sisi tulikuwa na pipa la lita 200 la fundi, wazi, maji safi yametulia kwenye kivuli. Mbu wa dengue anauma mchana na hahitaji zaidi ya wiki moja au siku 10 kutoka yai hadi mabawa. Kila nikilifunika, lilifunuliwa. Nikalimwaga. Siku hiyo baba mtoto alinipigia kulalamika kwamba nimemchelewesha fundi.

Mama yangu alichelewa kuja kwa sababu ya msiba huko Pangani. Aliteremka siku ya 10 na kapu lake, na ndani ya nusu saa nikaelewa kwa nini wazee waliweka arobaini na wakaweka mtu wa kuilinda. Kwa sababu mzazi mwenyewe hawezi. Mimi nilibishana na yule fundi siku tatu kuomba saa mbili za ukimya mchana, akanijibu kwamba zege halisubiri. Mama alipita uani, mafundi wakamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Nani kawaambia nyumba yenye mzazi inagongwa nyundo?"

"Mama, bosi amesema tumalize kabla ya mvua..."

"Mvua ni ya Mungu. Nyundo ni yako. Iweke chini."

Akaiweka! Jitu zima, mabega kama ng'ombe wa maksai, kaweka nyundo chini kama mtoto aliyekutwa na wembe. Jioni mama akampigia mkwe wake, kwa ile sauti yake ya upole ambayo sisi watoto wake tunaijua ni ya hatari. "Baba, nimekuja kumkanda mzazi, nimemkuta anakanda zege. Sijui nianzie wapi." Alijibiwa nini sikusikia. Kuanzia siku iliyofuata mafundi walikuja siku mbili kwa wiki, na chakula walikula kwa mama ntilie.

Najua mtakachosema, hasa akina baba mnaosoma hapa kimyakimya. Kwamba mwanaume akikaa ndani atafanya nini, hanyonyeshi. Atachemsha maji ya kumkandia mkewe. Atafua nepi, zile 20 za kitambaa, na maji ya Chamazi ya kuvuta kisimani. Atampakata mtoto saa 9 usiku mwenzake apate usingizi wa dakika 40. Kazi ipo tele, ila haipigwi picha ikarushwa kwenye grupu la familia na watu 36 wakaweka makofi. Ukuta unapigwa picha.

Na ninyi mama wadogo mnaosifia ukuta, mmoja wenu angeweza kushika mtoto huku anasifia.

Haya, nitasema na la upande wa pili, ingawa linaniuma. Miaka miwili baadaye, tumekaa kwenye sebule hiyohiyo iliyopigwa lipu kwa machozi yangu, nilimuuliza ilikuwaje. Alikaa kimya muda. Akasema, "Nilikuwa nikimshika naona nitamvunja. Tofali likivunjika unafyatua lingine." Baba yake mwenyewe hakuwahi kumwona ameshika mtoto mchanga, alimwona akijenga. Alinipa alichokuwa anakijua. Nilimwelewa, na usiku ule nilimshika mkono. Lakini na mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa na miaka 26, kitovu kile chenye kibanio kilinitisha kuliko nyoka, na hakuna aliyeniletea lori la kokoto nikajifiche nyuma yake. Hofu yake ilipata pa kwenda. Yangu ilibaki chumbani na mimi, imefunikwa chandarua chenye vumbi.

Na ndiyo, nyumba iliisha. Bila ule wazimu wa Februari pengine bado tungekuwa na turubai. Nimekubali. Tuendelee.

Kitovu chenyewe kilidondoka siku ya 8, nikakifunga kwenye pindo la khanga kumsubiri bibi yake. Mama akakizika chini ya mche wa mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba, mdogo, unafika kiunoni. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia mafundi. Wiki mbili baadaye naamka namkuta fundi kavuta kamba ya mtaro wa bomba kutoka chooni hadi karoni, na kamba imepita katikati kabisa ya mwembe. Mama alishafika kabla yangu. Kaweka kigoda juu ya kamba, kakaa, anachambua mchicha.

Fundi akampigia bosi. Bosi akaja saa 11 jioni na viatu vyake vya ofisini. Fundi akamweleza kwamba bomba la choo linataka kwenda moja kwa moja, ukiweka kona utajuta. Mama hakubishana. Akainuka, akaenda ndani, akarudi na mtoto, akamtia mkwewe mikononi. "Shika huyu, nikanawe mikono." Akaondoka, na hakurudi upesi. Mume wangu akabaki amesimama pale, viwiko vimekakamaa, shingo ya mtoto kaiweka kwenye mkunjo wa mkono kama mtu anayebeba trei ya mayai. Akautazama mwembe. Akamtazama mtoto. Akamwambia fundi, kwa sauti ya chini ili asimwamshe, "Zungusha."

Bomba likapigwa elbo mbili. Fundi alisema kweli, linaziba kila masika. Mwaka wa kwanza nilitaka kumwita mtu aje alizibue, baba mtoto akakataa. Anavua shati, anapiga magoti pale chini ya mwembe na waya wake mrefu, ananuka siku nzima. Mwaka huu mwanangu ndiye aliyemshikia tochi.