Asilimia 112, hongereni sana

Wiki jana nilikuwa kijijini, nikamsindikiza mama zahanati kuchukua dawa zake za presha. Ukutani, nyuma ya meza ya mapokezi, wamebandika manila iliyoandikwa kwa wino mwekundu: chanjo ya surua, asilimia 112. Nikaisoma mara mbili. Nikamuuliza nesi wa zamu, hao kumi na mbili waliozidi ni watoto wa nani? Akacheka. "Kaka, walengwa tunaletewa kutoka wilayani. Sisi tunachanja anayekuja."

Ana haki yake. Idadi ya walengwa inakisiwa kutokana na sensa, na sensa ya 2022 ilimhesabu mtu pale alipolala usiku ule mmoja wa Agosti. Tangu hapo wafugaji wameshuka bondeni, wakulima wa mpunga wanakuja na kuondoka, na kina mama wa ng'ambo ya mto wanavukia kwetu kwa sababu ndiko karibu. Haya, yaeleweka. Kinachonikera ni kwamba kijiji chenye asilimia 112 kimeshafaulu, na aliyefaulu hana haja ya kutoka kwenda kumtafuta yule mtoto mmoja wa kule mwisho ambaye hajachanjwa kabisa. Yule amefunikwa na watoto wa wageni.

Halafu kuna wanaokufa. Jirani yetu, mzee aliyenishikia baiskeli nikijifunza kuendesha, alifariki masika iliyopita. Alikohoa tangu Desemba, akanywa mizizi ya kila aina, mwisho mto ukajaa na njia ikakatika. Yumo kwenye daftari gani? La MTUHA, yaani la takwimu za wanaotibiwa, hayumo, kwa kuwa zahanati hakufika. Mtendaji alikuja mazikoni, akatoa rambirambi yake, akaondoka. Anayejua alianza kuumwa lini, alikonda vipi na nani walikuwa wanalala naye chumba kimoja, ni mama yangu. Hajawahi kuulizwa.

Na msiniambie haiwezekani. Rufiji walikwenda kuuliza! Kuanzia 1998, watu wa kituo cha utafiti cha Ikwiriri walikuwa wakipita kaya kwa kaya, mara tatu kwa mwaka: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Palipotokea msiba walirudi baadaye, wakakaa na wafiwa kwa adabu, wakauliza marehemu alianzaje. Majibu yakapelekwa kwa wanaopanga bajeti ya wilaya, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Morogoro, waliopata takwimu za aina hiyohiyo, waligundua kwamba malaria ilikuwa inakula kama asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea kwa vifo vya mapema, ilhali kwenye bajeti ya 1996 ilitengewa asilimia 5 tu. Fedha zikahamishwa, nyongeza yenyewe ikiwa kama dola moja kwa kila mkazi, na katika miaka michache vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika wilaya hizo mbili. Hawakujenga hospitali ya ghorofa. Walijua watu wao wanakufa na nini.

Nakubali, vishikwambi vimesaidia. Zamani mchwa walikula ripoti za robo mwaka nzima. Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale 137,294 tulioahidiwa Januari 2024, huenda wakaziba pengo, mradi posho ifike na wasigeuzwe makarani wa kujaza fomu. Lakini takwimu inayopanda wilayani isirudi kijijini ni kodi tu kama kodi nyingine.

Jioni ile nilimwomba mama daftari la chama cha kuzikana. Yeye ndiye katibu. Ni daftari la kurasa 96, jalada limeshikiliwa na sindano na uzi, na ndani kila msiba una tarehe, jina, nyumba, nani katoa mchele na nani bado anadaiwa. Nikaanza kufunua bila lengo. Mzee nikamkuta. Kurasa chache nyuma yake nikamkuta mkewe, miezi saba kabla. "Na yeye alikuwa anakohoa?" Mama akaacha kuchambua mchele. "Alikohoa sana." Wajukuu watatu bado wako kwenye nyumba ile.

Kesho yake asubuhi nililipeleka zahanati. Nesi yuleyule alilifunua polepole, akasoma majina, mengine akiyajua, tabasamu likamwisha. Aliandika majina ya wale wajukuu kwenye kikaratasi, akakitia mfukoni, akasema atapita mwenyewe akitoka kazini. Kisha akanirudishia daftari. "Haya mengine, kaka, hatuna safu ya kuyaingiza."