Mwenye kiwanda anataka kazi ifanyike

Kampuni ya roboti za viwandani ikifungwa, lawama huenda kwa bei au ushindani. Mimi naona tatizo huanza mapema zaidi, pale wahandisi wanapoipenda mashine yao kuliko wanavyoijua kazi ya mteja.

Mtazame Baxter, roboti ya Rethink Robotics ya Boston, iliyoingia sokoni mwaka 2012 kwa takriban dola 22,000, bei ya chini sana kwa wakati ule. Ilikuwa na mikono miwili na skrini yenye macho yaliyogeukia upande ambao mkono ulikuwa unataka kwenda. Mfanyakazi aliushika mkono, akauelekeza, nayo ikajifunza. Viungo vyake vilikuwa na springi ili ikimgusa mtu isimuumize. Wazo zuri kabisa, nami nilitamani lifaulu. Lakini springi hizohizo ziliupunguzia mkono usahihi. Kulisha mashine, yaani kuiwekea vipande inavyovifanyia kazi, kunataka kipande kifike palepale, kila mara, zamu ya mchana na ya usiku. Ikikosea kwa milimita chache tu, mashine inasimama, na hapo uso wa kupendeza haumsaidii mtu. Oktoba 2018 Rethink ilifunga milango.

Universal Robots ya Odense, Denmark, yenyewe iliuza roboti za mkono mmoja tu, zisizo na uso, ambazo mkono wake hurudi mahali palepale kwa tofauti isiyozidi sehemu ya kumi ya milimita. Kampuni ya Teradyne ya Marekani iliinunua mwaka 2015 kwa dola milioni 285.

Halafu kuna jambo linaloniudhi hasa. Mkono wa roboti peke yake haufanyi kitu. Unahitaji kishikio cha kukamata vitu, vihisi, pengine uzio, programu, na fundi wa kuviunganisha, na mara nyingi jumla yake hupita bei ya mkono wenyewe. Anayetangaza bei ya mkono pekee anamwachia mteja agundue mengine fedha zikiwa zimeshatoka. Mwenye kiwanda kidogo akiumia hivyo mara moja, harudi tena.

Kutangulia nako hakutoshi. Kampuni ya Unimation ya Marekani ndiyo iliyoweka roboti ya kwanza katika kiwanda cha magari cha General Motors mwaka 1961, kisha ikang'ang'ania mikono mikubwa ya haidroliki, inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo, huku watengeneza magari wakitaka ya umeme. Mwaka 1982 General Motors haohao wakaanzisha kampuni ya pamoja ya kutengeneza roboti na Fanuc ya Japani.