Ati "hii ni Maine, ongea Kiingereza"

Juzi saa ya lunch kazini, hapa jimbo la Maine, Marekani, napiga stori kwa Kiswahili na rafiki yangu Mkongo, jamaa mmoja akapita akasema hii ni Maine, hapa watu wanaongea Kiingereza. Nilicheka sana. Jina la ukoo la huyo jamaa ni la Kifaransa mwanzo mwisho, hata kulitamka lenyewe hajui!

Mwezi wa nane mimi na huyo Mkongo tuliendesha masaa matano kutoka Portland mpaka Fort Kent, juu kabisa kwenye mto Saint John. Mgahawani mzee mmoja akatusalimia Kifaransa, mwenzangu akajibu, wakaendelea nusu saa mimi nimekaa kama bubu nakula ploye (hizo ni kama anjera ya Wasomali, zinapikwa upande mmoja tu hazigeuzwi, na siagi ni tamu balaa).

Sasa hawa ni watu ambao babu zao Waakadia (Wafaransa waliohamia mashariki ya Kanada ya leo) walifukuzwa na Waingereza kuanzia 1755, wakahangaika, wengine wakapanda mto wakafika Madawaska 1785 wakakuta Wawolastoqiyik, wenyeji wa asili, wako hapo zamani, wakalima, wakazaa, halafu 1842 Washington na London wakakubaliana mpaka upite katikati ya mto, kaka akabaki Marekani, dada ng'ambo iliyokuja kuwa Kanada. Mto wenyewe unauona ng'ambo, unaweza kupiga kelele ukasikika.

Lakini kilichoniuma ni 1919. Maine ikapitisha sheria, kufundisha shuleni ni Kiingereza tu. Watoto waliojua Kifaransa peke yake wanaingia darasani wanaadhibiwa kwa kuongea lugha ya mama yao. Sisi tuliosoma Kenya tukavishwa diski shingoni kwa sababu ya neno moja la kikwetu, hiyo hatuhitaji kuelezwa, ile aibu unabeba mpaka unakataa kumfundisha mtoto wako. Ng'ambo ya mto huo huo, New Brunswick, jimbo la Kanada, tangu 1969 Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mto mmoja jamani!

Sawa, Kiingereza kinalipa kodi ya nyumba, sikatai. Mimi mwenyewe kinanilisha.

Ila usiniambie eti Maine ni ya Kiingereza tangu zamani. Nenda kamuulize bibi yako, kama bado yupo, aliacha lini Kifaransa na ni nani aliyemwachisha.

Kesho lunch tuko meza ile ile, Kiswahili kama kawa.