Maktaba Nayo Mpangaji

Jamani, kuhama nyumba hapa Tabora nimekuzoea. Nimekaa Isevya, nimekaa Kanyenye, nimekaa Ng'ambo. Kinachonitoa jasho si kitanda, kitanda unafungua nati, kinatulia. Ni vitabu. Mwenye guta akinyanyua kile kiroba anauliza, "Mzee, humu umeweka mawe?" Mwambie ni vitabu, anapandisha bei! Yangekuwa mawe asingepandisha, mawe anajua yana kazi.

Sasa mpwa wangu, akidhani ananiliwaza, akanisomea kwenye simu habari za maktaba ya mji wa Chicago, Marekani. Mji uliungua vibaya mwaka 1871. Waingereza wakachangia vitabu zaidi ya 8,000, hata Malkia Victoria alitoa. Shida ikawa ileile ya kwangu: wataviweka wapi? Wakaviweka kwenye tangi la maji. Naapa! Tangi la chuma, la mviringo, lililokuwa halitumiki tena. Wakazungushia shelfu humo ndani, na tarehe 1 Januari 1873 maktaba ikafunguliwa.

Hapo nikamkatisha. Yaani kuna watu wana tangi la kuchezea kiasi hicho? Sisi hapa simtanki ni moja, wapangaji tumejaa kila chumba, na ufunguo wa koki mama mwenye nyumba anaufunga kwenye pindo la khanga. Nimwambie naomba nitumbukize kamusi mle? Usiku huohuo nitalala stesheni na viroba vyangu, abiria wa Kigoma wakinisikitikia.

Eti baada ya tangi ikaendelea kupangapanga mpaka mwaka 1897, ndipo ikajengewa nyumba yake. Marumaru, kuba la vioo vya rangi, mambo makubwa. Nikasema, haya, mwenzetu kajenga, kapumzika. Wapi! Miaka ya 1970 ikatolewa tena. Lile jengo likawa kituo cha utamaduni, na makao makuu mapya yakaja kufunguliwa 1991, yakapewa jina la Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa mji ule. Hebu fikiria, maktaba ya serikali ya mji mzima inahangaishwa hivyo, itakuwa mimi mwenye msingi wa nyumba uliomea nyasi huko Malolo?

Na sasa mama mwenye nyumba kaja na jipya. "Baba Zaituni, hivyo vitabu vyako vinaniletea mchwa." Mchwa! Wale niliwakuta, ni wenyeji kuliko mimi, tena hawajawahi kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Halafu mwenyewe kaazima atlasi yangu tangu Pasaka, kwa ajili ya mjukuu wake wa darasa la saba, na hajairudisha. Ningemtoza faini ya kuchelewesha, ila kodi nimelipa nusu.