Jaribio la Ijumaa linatudanganya

Mimi nafundisha darasa la tatu, na kuna wiki moja mwezi uliopita ilinifanya nianze kuiangalia rejista yangu ya maksi kwa jicho baya kabisa. Kila Ijumaa tunatoa jaribio, tunasahihisha, mzazi anaona 8 kati ya 10 anafurahi, mwalimu naye anafurahi, wiki imefungwa. Sasa mimi nasema ile maksi ya Ijumaa haituambii mtoto amejifunza, inatuambia tu kwamba bado hajasahau, na hivyo ni vitu viwili tofauti jamani.

Jumatatu mada ilikuwa kutoa kwa kukopa. Kwenye andalio la somo nimeandika vizuri tu kwamba hadi mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kutoa namba za tarakimu mbili, dakika 40, kana kwamba unafungua bomba maji yanatoka. Nikafanya mifano mitatu ubaoni, 52 kutoa 27, darasa zima linaitikia kwa sauti moja, ungepita dirishani ungesema hawa wameiva. Nikawapa zoezi. Karibu nusu ya madaftari yakaja na 35.

Hiyo 35 naomba tukae nayo kidogo kwa sababu wengi tunaipiga kosa jekundu na kusonga mbele. Mtoto hajabahatisha. Ameangalia 2 na 7, ameona 2 haitoshi, akageuza akatoa 2 kwenye 7 akapata 5, halafu 5 toa 2 akapata 3. Ana kanuni yake kichwani, ndogo inatolewa kwenye kubwa, haijalishi ipi iko juu ipi iko chini, na kanuni hiyo ilimpa vema miezi na miezi maana maswali yote tuliyokuwa tunampa tarakimu kubwa ilikaa juu. Yaani tumemfundisha wenyewe halafu tunamshangaa! Ndo maana siku hizi kabla ya kushika kalamu nauliza kwanza, hii umeipataje?

Na kuna mmoja wa dawati la nyuma, mtulivu sana, akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hiyo kumi tuliyokopa tunairudisha lini?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kakopa, kwa hiyo arudishe, ndivyo anavyojua yeye maana ya kukopa, na mimi miaka yote natumia hilo neno bila kuwaza.

Basi Jumanne nikaingia na vijiti, vimefungwa kumi kumi kwa mipira. Hapa lugha yetu inasaidia halafu inakwamisha. Kumi na moja, kumi na mbili, hadi kumi na tisa, namba inajieleza yenyewe, lakini ukifika ishirini, thelathini, hamsini, jina halikuonyeshi makumi mangapi yako mle ndani. Ukimuuliza mtoto hamsini ni makumi mangapi anakuangalia tu, hamsini si ni hamsini. Kwa hiyo tukaweka mafungu matano na vijiti viwili mezani, nikasema nipeni saba. Hakuna saba. Wakaangaliana, mmoja akavuta mpira wa fungu moja, vijiti vikamwagika, hapo hapo sasa vijiti vilivyo huru viko kumi na mbili na mafungu yamebaki manne. Toa saba, toa mafungu mawili, 25 hiyo hapo. Neno kukopa nikalifuta ubaoni, tukawa tunasema kufungua fungu.

Jumatano nilijilazimisha kunyamaza. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyepima muda ambao walimu wanasubiri wakishauliza swali, akakuta ni kama sekunde 1 tu, na wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu yanakuwa marefu na watoto wengi zaidi wanajaribu. Sekunde 3 kwa kuisoma ni ndogo, simama mbele ya darasa zima limenyamaza uone zinavyorefuka. Alhamisi haina habari, nusu ya siku ilienda kwenye kupiga picha za darasa.

Ijumaa jaribio, watoto 38, waliopata yote 29. Kwenye rejista inapendeza kweli kweli.

Jumatatu iliyofuata, bila kuwaambia, nikawapa maswali matano ya aina ile ile. Waliopata yote walikuwa 14. Na ile 35 yetu imerudi, imekaa mle kwenye madaftari kana kwamba vijiti havikuwahi kuletwa!

Ningekuwa mgeni kwenye kazi hii ningesema watoto hawakusikiliza. Lakini haya mambo ya kusahau yameshapimwa zamani sana, Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885, na mporomoko mkubwa kabisa unatokea mwanzoni, ndani ya siku ya kwanza, baadaye ndo unapungua kasi. Somo lenye maana halipotei haraka kama silabi za ovyo, ila wikiendi ni wikiendi. Halafu mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, walichukua wanafunzi wa chuo, wengine wakasoma kifungu na kukirudia, wengine wakasoma halafu wakajaribu kukikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima walikumbuka asilimia 56 hivi na wale wengine 42.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na jaribio lenyewe, ugomvi wangu ni siku tunayolitoa na kazi tunayolipangia. Tunalitoa wakati kitu bado cha moto, tunaandika maksi, hatukirudii tena. Sasa hivi kila Jumatatu dakika kumi za kwanza ni maswali matatu, moja la wiki iliyopita, moja la wiki mbili nyuma, moja la zamani huko, bila maksi. Mwenzangu mmoja ananiambia nawakatisha tamaa watoto kwa kuwauliza walichosahau. Mimi naona kinyume chake, mtoto anakata tamaa pale anapofika darasa la tano akakuta kila mtu anadhani anajua kutoa kwa sababu rejista ya darasa la tatu ilisema hivyo.

Rejista ya Ijumaa bado naijaza, natakiwa. Na Jumatatu hii nilipokuwa napita kati ya madawati nikaona yule wa dawati la nyuma ameandika 35, kalamu nyekundu tayari iko hewani, mkono umeshaamua wenyewe. Swali lilikuwa 63 kutoa 28. Pembeni amechora mafungu sita, moja amelifungua.