Kisiwa cha Mchanga Hutembewa kwa Mapana

Ganda la chaza nililoliokota lilikuwa zito, kubwa kuliko kiganja changu, jeusi upande mmoja, na mawimbi yalikuwa yamelisugua mpaka kingo zikaisha makali. Nililikuta upande wa bahari kuu katika kisiwa cha Assateague, pwani ya mashariki ya Marekani. Niligeuza ganda lile mara mbili tatu nikashangaa, kwa sababu chaza wa aina hiyo haishi kwenye mawimbi makubwa. Makao yake ni nyuma ya kisiwa, kwenye ghuba yenye maji matulivu. Limefikaje huku mbele?

Jibu ni kwamba ganda halikuhama. Kisiwa ndicho kilichohama, kikapita juu yake.

Visiwa vya namna hii ni tepe za mchanga zilizolala sambamba na bara, zikipokea kishindo cha bahari kabla hakijaifikia pwani yenyewe. Mbele kuna mawimbi, nyuma kuna ghuba nyembamba yenye tope na nyasi. Dhoruba kubwa ikipiga, maji huruka matuta, yakabeba mchanga wa mbele na kuumwaga nyuma, juu ya kinamasi. Hivyo hivyo, dhoruba baada ya dhoruba, utepe mzima unajiviringisha kuelekea bara, na ile iliyokuwa ghuba inajikuta iko chini ya ufuo. Bahari ikichimba ufuo huo, maganda ya zamani yanaibuka. Pengine utaona hata vibonge vya tope jeusi lenye mizizi vikichungulia mchangani maji yanapokupwa. Hicho ni kinamasi cha zamani, kimetokea upande wa pili.

Tangu siku ile nimebadili namna yangu ya kutembea visiwa hivi, na ndiyo hoja ninayotaka kuitetea hapa. Wengi wetu tukifika tunashika ufuo na kuufuata kwa urefu, kilomita tano kwenda, tano kurudi, bahari mkono huu na matuta mkono ule. Ni matembezi mazuri, siyakatai. Lakini ukitembea kwa urefu unaona sehemu moja tu ya kisiwa, ile ile, kwa saa tatu. Ukikikata kwa mapana, kutoka maji hadi maji, unakiona chote. Na mara nyingi mapana hayo hayafiki hata kilomita mbili.

Katika kilomita hizo mbili mambo yanabadilika haraka ajabu. Unaanza na mchanga mtupu. Ukipanda tuta la kwanza unakuta nyasi ndefu ngumu, na hakuna kingine kinachodiriki kuota pale, kwa sababu upepo unarusha chumvi bila kupumzika. Shuka nyuma ya tuta, hatua 30 tu, na masikio yanafunguka: ule mvumo wa bahari uliokuwa umeuzoea unazimika. Joto linapanda. Vichaka vinaanza, kwanza vya magotini, halafu vya kifuani, halafu unajikuta chini ya miti. Kisha miti inakatika ghafla, na mbele yako kuna kinamasi kilicho bapa kama mkeka, harufu ya tope, kaa wadogo wakikimbilia mashimoni, na ghuba inang'aa. Kila ukanda upo pale ulipo kwa sababu ya chumvi na upepo, na mwili wako unaupima kila hatua bila kuambiwa na mtu.

Assateague kuna vijia vitatu vifupi vilivyogawanywa hivyo hivyo: kimoja cha kinamasi, kimoja cha msitu, kimoja cha matuta. Wageni wengi wanachagua kimoja na kuondoka. Mimi nasema vitembee vyote vitatu siku moja, kwa mpangilio, kama kitu kimoja. Na kwenye kile cha matuta usipite mbio. Kuna mahali utaona vipande vya lami vimelala mchangani, kingo zimemeguka kama mkate uliokauka, nyasi zimeota kwenye nyufa, na mchanga unaendelea kuvifunika polepole. Hayo ni mabaki ya Baltimore Boulevard. Miaka ya 1950 watu walipima viwanja kisiwani humu, wakaviuza, wakavuta barabara ya lami ili mji ujengwe. Machi 1962 dhoruba ikaja ikaivunja barabara na kubomoa sehemu kubwa ya nyumba chache zilizokuwepo. Mwaka 1965 kisiwa kikafanywa hifadhi ya taifa. Nilisimama juu ya kipande kimoja, hakizidi meza ya chakula, nikajaribu kukisia barabara ilikuwa imeelekea wapi. Sikuweza. Tuta limeketi pale lilipopaswa kuwa.

(Farasi wa mwituni wa kisiwa hiki ndio wanaopigwa picha zaidi ya chochote. Ni wazuri kweli, lakini wanauma na wanapiga mateke, na hifadhi inataka ukae umbali wa mita 12 hivi. Watu hawaelewi mpaka wapigwe teke.)

Kuna matembezi mamoja ya urefu ninayoyatetea, nayo ni kwenda mpaka ncha ya kaskazini ya kisiwa hicho hicho, karibu kilomita 10 za mchanga kwenda tu. Mwaka 1933 kimbunga kilikata utepe wa mchanga pale, na mlango wa bahari ukafunguka kati ya Assateague na mji wa Ocean City. Wakajenga kuta za mawe kuuzuia usizibe. Kuta hizo zikauzuia pia mchanga uliokuwa ukisafiri na mkondo kuelekea kusini. Ncha ya Assateague ikakosa riziki yake, ikaanza kurudi nyuma, na leo imesogea mamia ya mita upande wa bara. Ukisimama pale unaona majengo ya Ocean City ng'ambo ya maji yakiwa yamejitokeza baharini kuliko ulipo wewe, ilhali zamani ufuo ulikuwa mstari mmoja. Sijaona mahali pengine ambapo kazi ya mkono wa binadamu juu ya pwani inasomeka wazi hivyo kwa jicho tupu.

Visiwa vingine vina hadithi zao. Fire Island, jimbo la New York, kuna msitu ulio bondeni nyuma ya matuta, na miti yake mingine imezidi miaka 200. Hairefuki kupita kimo cha tuta linaloikinga, kwa maana kila tawi linalochomoza juu linachomwa na chumvi. Ukitazama kutoka juu utadhani panga moja limepita likasawazisha yote. Ukiingia ndani kwa njia ya mbao, kuna kivuli kizito na ubaridi, na bahari iko karibu mno kuliko unavyoamini. Cumberland, pwani ya Georgia, kunafikika kwa boti tu. Kutoka gati la Sea Camp mpaka ufuoni si zaidi ya kilomita moja hivi, chini ya mialoni iliyojipinda, matawi yamelala karibu na ardhi, nyuzi za kijivu zikining'inia. Kwa wasio na siku nzima, hicho ndicho kijia ningekipendekeza kabla ya vingine vyote. Jockey's Ridge ya North Carolina ni milima ya mchanga, na jioni ndiyo saa yake. Hatteras, kusini yake, nenda ukauone mnara wa taa wa mwaka 1870 ambao mwaka 1999 ulisogezwa mzima mzima karibu mita 880 kukimbia bahari, halafu uingie msitu wa Buxton ulio nyuma yake.

Na ukitaka kukata mapana kwa maana kamili, nenda bahari ya Wadden, Uholanzi. Huko maji yakikupwa watu huanzia bara, wakatembea juu ya sakafu ya bahari mpaka kisiwa kama Ameland au Schiermonnikoog. Haya si matembezi ya kujaribu peke yako. Bahari ikianza kujaa haiji kama ukuta kutoka mbele. Inajaza kwanza mikondo ya chini, ikiwemo ile uliyokwisha kuivuka, na unapoona maji miguuni njia ya kurudi imeshafungwa. Nenda na kiongozi anayejua maji ya siku hiyo.

Suala la maji linahusu visiwa vyote hivi. Kabla ya kupanga siku, tazama saa za kupwa na kujaa, na uangalie kama ni bamvua au maji mafu. Wakati wa bamvua maji yanarudi nyuma sana, na mchanga mbichi unakuwa mgumu, mguu hauzami, ila yakijaa yanaweza kukusukuma mpaka chini ya matuta. Mchanga mkavu ni adui wa kweli: kuutembea kunachosha zaidi ya mara mbili kuliko kutembea ardhi ngumu. Anza ukielekea upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi, miguu ikiwa imechoka, ukusukume mgongoni. Upande wa ghuba kuna mbu na kupe, kwa hiyo suruali ndefu si anasa. Maji ya kunywa chukua mengi kuliko unavyodhani, maana kivuli kwenye matuta hakuna.

Tena, nawaomba kwa dhati, msikate njia juu ya matuta. Ile nyasi ngumu niliyoitaja inaweza kufukiwa na mchanga ikachipua upya yenye nguvu zaidi. Nyayo haiziwezi. Watu kumi wakipita mahali pamoja, mizizi inakatika, upepo unaingia, na pengo lile dhoruba italitumia kama mlango. Kadhalika kamba zinazofunga sehemu za ufuo majira ya kuchipua na kiangazi. Zipo kwa ajili ya kitwitwi, ndege mdogo anayetaga mayai yake, mara nyingi manne, kwenye kishimo kilicho wazi kabisa. Yana rangi ya mchanga wenyewe. Niliwahi kuonyeshwa kishimo kama hicho kwa darubini na ikanichukua dakika nzima kukiona, ingawa nilikuwa nakitazama.

Nimesikia wageni wakinung'unika kwamba kijia walichokipenda zamani hakipo, au kwamba maegesho ni ya udongo na maganda badala ya lami. Mimi naona hapo ndipo wasimamizi wa Assateague walipofanya jambo la busara. Walichagua udongo na maganda, na vyoo vinavyoweza kubebwa, kusudi dhoruba ikija vihamishwe, na ikipita vitandazwe upya nyuma kidogo, kisiwa kilikohamia. Ungejengwa ukuta kuvilinda, ufuo ungekwisha mbele ya ukuta huo, na tungebaki kutembea juu ya zege. Afadhali nikirudi baada ya miaka 10 nimuulize askari wa hifadhi kijia cha matuta kimehamia wapi, anielekeze kwa kidole, niende.